Shingo ya Lumbesa

Kaka yangu Angolwisye analipwa kwa kusukuma.
Hivyo ndivyo mama anavyowajibu watu wa Isongole
wakiuliza mwanawe anafanya kazi gani huko Ufaransa.
"Anasukuma."
"Anasukuma nini?"
"Watu."
Wanaguna, wanaendelea kuchambua mbegu za viazi.

Mimi niliyaona ya mwanzo.
Masika, njia ya shambani imekuwa uji,
Fuso la Mwasomola limezama hadi ekseli,
magunia sitini, kila gunia na kilemba chake cha lumbesa,
na vijana wanane nyuma yake, bega kwa bega,
tope likiwarukia hadi kwenye meno.
Mwalimu Sanga akasimamisha pikipiki.
Hakusaidia. Alitazama tu.
"Wewe, shingo hiyo umeitoa wapi?"
"Kwenye viazi."

Raga. Neno lenyewe hatukulijua.
Mpira wa kwanza ulifika umepungua upepo,
umbo la parachichi la Kiwira;
mama akaugeuza mkononi, akauliza nani ameukalia.
Walicheza kiwanja cha shule, kile kinachoteremka:
kipindi cha kwanza unashuka, cha pili unapanda,
na ukungu wa Rungwe ukitua
refa anapuliza filimbi kwa kubahatisha.

Sheria moja ilinichekesha.
Mikono hairuhusiwi kuurusha mpira mbele.
Ukitaka kwenda mbele, mrushie aliye nyuma yako.
Nikasema, mchezo huu umetungwa na mtu wa ukoo mkubwa.

Miaka kumi na tisa, Nairobi, analala sakafuni kwa kipa wa zamani
aliyeacha soka akawa fundi wa friji.
Miaka ishirini na moja, mkataba, kurasa kumi na moja
za lugha ambayo hakuijua hata salamu.
Akapiga simu: "Baridi yao ni ile ile yetu ya Julai,
ila jikoni kwao hakuna moshi."

Basi, kila tarehe tano simu yangu ikalia.
Mabati. Ada ya Lugano. Mbolea, mifuko minne.
Deni la marehemu baba, ambalo hatukujua analo
mpaka mwenye kudai aliposikia kuna mtoto Ulaya.
Kila tarehe tano anarusha nyuma,
nasi tunadaka, tunakimbia.

Novemba, tarehe tano ikapita.
Ya sita ikapita.
Ya tisa akaandika neno moja: Bega.

Amerudi na mkono kifuani, umefungwa kama mtoto mchanga.
Sikio la kushoto limekunjamana, uyoga wa porini.
Ana miaka ishirini na mitatu, anashuka kitandani kwa hatua tatu.
Mama amesema ndaga, ndaga, mwanangu,
kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa na kuku.
Majirani wanakuja kumpa pole
na kila pole ina shida yake ndogo mfukoni.

Jana Fuso limezama tena, pale pale.
Vijana wanasukuma kila mtu na lake.
Angolwisye amekaa kwenye jiwe, anawatazama, halafu ameshindwa.
"Chini! Viuno chini! Shikaneni mashati.
Usisukume gari, msukume mwenzio.
Ngojeni.
Ngojeni.
Sasa."
Likatoka, likinguruma kama limetukanwa.
Wote wakashangilia. Yeye alikuwa anautazama mkono wake wa kulia
ambao ulikuwa umekunja ngumi wenyewe, ndani ya kitambaa.

Mkataba umebaki miezi saba.
Daktari wao anataka kumwona Aprili. Tiketi ipo. Bega halijui.

Usiku ananiita jikoni.
"Tumpale, weka viganja hapa, kwenye paji. Sukuma."
Ndivyo shingo inavyotunzwa, anasema, hata bega likilala.
Kibatari kinavuta upepo wa mlangoni.
Nasukuma kidogo.
"Sukuma kweli."
Nasukuma kweli, miguu nimeitia sakafuni,
na kichwa kile kilichobeba lumbesa
kinarudi nyuma, inchi moja, kama mlango ulioegeshwa tu.

Tumesikia wote wawili.
Moto umepasua kuni.
"Tena," anasema.